Ulevi na Tiba Yake: Funzo Litokalo Machakos

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza binaadamu kwa akili na akamharamishia kila chenye kuiondoa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hata siku ya malipo.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, sote tumezoea kusikia katika khutba za Ijumaa kwamba ulevi ni haramu. Neno hilo ni la kweli, wala hapana Mwislamu asiyelijua. Hata kijana yule mumwonaye asubuhi ameegemea ukuta wa msikiti, macho yamemfumba na mkono umemvimba kwa sindano, alilijua tangu chuoni. Lakini liko suala jingine ambalo halisemwi juu ya mimbari: aliyekwisha kuingia, atatokaje? Na sisi tulio nje, ni lipi limtupasalo kumfanyia? Juu ya suala hilo twataka kusema leo, na mfano wetu tutauchukua mbali kidogo na bahari, katika nchi ya Machakos.

Huenda mtu akauliza, Machakos yatuhusu nini sisi watu wa Pwani? Jawabu ni kwamba yatuhusu tangu zamani. Kabla ya reli, misafara ya Wakamba ilishuka na pembe mpaka Rabai na Mombasa, na ya watu wetu ikapanda kwenda kwao. Mji wenyewe umepewa jina la mzee wao Masaku, na ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza wa bara kabla Nairobi haijasimama mwaka 1899. Hata leo barabara itokayo bandarini yapita Mlolongo na Athi River, yaani ndani ya Machakos, na vijana wetu wako huko kwa kazi na kwa masomo. Na zaidi ya hayo, msiba uliowafika wao si mgeni kwetu. Umekuja kwetu kwa jina jingine tu.

Mwezi wa Juni mwaka 2005, katika wilaya ya Machakos, watu walikunywa pombe ya magendo kama walivyozoea, na zaidi ya watu 40 wakafa. Waliosalia wengine wakapofuka. Pombe ile ilikuwa imetiwa methanoli, nayo ni spiriti ya viwandani. Mtu akiinywa, ini lake huigeuza ikawa asidi iuayo mishipa ya macho na kuzizuia chembe za mwili zisitumie pumzi zinazovutwa. Mnywaji haijui kwa rangi wala kwa harufu. Hujiona amelewa tu, kisha kesho yake kiza humwingia machoni.

Basi zingatieni, ndugu zetu. Msiba huu haukuwa wa kwanza. Mwezi wa Novemba mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa mjini Nairobi kwa pombe iliyotiwa sumu hiyo hiyo, na khabari ikaenea nchi nzima. Wala haukuwa wa mwisho. Mwezi wa Mei mwaka 2014 zaidi ya watu 60 walikufa katika Embu, Kitui, Makueni na Kiambu. Na baina ya misiba hii serikali haikukaa kimya. Chang'aa ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1980. Mwaka 2010 ikatungwa sheria mpya, watu wakaiita Sheria ya Mututho, ikiruhusu chang'aa ipikwe kwa kipimo na kuuzwa kwa leseni ili sumu iondoke. Marufuku haikuizuia sumu, na ruhusa haikuizuia.

Kwa nini? Kwa sababu khabari ya hatari humfaa mtu aliye huru kuchagua. Aliyefungwa na uraibu hana uhuru huo, au anao kidogo sana. Ajua kwamba jirani yake amekufa, naye jioni huenda pale pale. Wazee wetu walilitumia neno uraibu kwa tambuu na tumbaku wamkirimuzo mgeni, jambo la kupitisha wakati barazani. Leo neno hilo hilo labeba maana nzito, nayo ni ugonjwa unaogeuza namna ubongo utendavyo kazi, hata kile kilichoanzwa kwa starehe kikawa hakiachiki ila kwa mateso. Taasisi ya serikali ya Kenya inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, NACADA, ilifanya uchunguzi mwaka 2022, ikaona kwamba baina ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 65, karibu mmoja katika kila sita hutumia angalau kilevi kimoja. Haiwezekani kwamba wote hao ni wa kabila nyingine na dini nyingine.

Kwetu Pwani heroini iliingia na kuenea katika miaka ya 1980 na 1990. Leo hapana mtaa usiomjua marehemu wake. Twawaita mateja, na jina hilo limekuwa kama hukumu. Mama husema mwanawe yuko Arabuni, kumbe yuko gengeni. Maiti huzikwa upesi, na watu huambizana kwamba ni homa. Aibu hii, ndugu zetu, haimponyi mtu. Huuficha ugonjwa mpaka wakati wa tiba upite.

Na ambao hawafichi, wengi wao hukimbilia mambo mawili. La kwanza ni uganga. Huambiwa kwamba mtoto amerogwa, au ana jini la kurithi, basi zikatolewa pesa za kombe, na za mbuzi, na za ubani, na jini halitoki kwa kuwa halimo. Kusoma Qur'ani na kumwomba Mungu shifaa ni jambo jema lisilo na ubishi. Kuuza matumaini ya uongo kwa mzazi aliyechoka ni kula mali ya watu kwa batili.

La pili ni minyororo. Kijana hufungiwa chumbani mwezi mzima mpaka atulie. Watu hudhani amepona, wakamfungua. Hapa tunataka kila mzazi atusikilize vizuri, maana ni jambo la roho ya mtu. Mwili uliozoea heroini hustahimili kipimo kikubwa. Ukikaa bila ya heroini majuma machache, ustahimilivu huo hupotea. Kijana akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi zake hukatika akafa. Ndiyo sababu wengi hufa siku za kwanza baada ya kutoka kifungoni au baada ya kufunguliwa nyumbani. Na mlevi wa pombe wa miaka mingi, akizuiwa ghafla pasi na daktari, huweza kushikwa na kifafa na kuweweseka hata akafa. Basi mwenye kumfunga mwanawe kwa nia njema bila ya ilimu huenda akamwua kwa mkono wake.

Ilimu hiyo yatoka wapi? Yatoka kwa watu wanaokaa wakachunguza, kisha wakakutana wakashauriana. Twaona watu wetu wengi huzidharau kongamano za wataalamu, wakisema ni chai na maneno ya Kizungu. Nasi twasema kwamba shauri la wenye kujua ni katika mwendo wa dini yetu. Khalifa Umar bin al-Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipokuwa njiani kwenda Sham akapata khabari ya tauni, hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina akawauliza, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakawafikiana kwamba arudi na watu. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo katika mashauri hayo, akasema kwamba yeye analo neno alilolisikia kwa Mtume, la kwamba nchi yenye tauni isiingiwe na aliyemo asiikimbie. Umar akamshukuru Mungu. Tazameni: ilimu ilikuwapo, lakini ilikuwa kwa mtu mmoja, na lau asingefika penye watu wangalibaki na dhana zao. Hiyo ndiyo faida ya kukutana.

Na ilimu ya tiba ya uraibu leo imekusanyika nyingi, na nyingine imepatikana papa hapa kwetu. Profesa David Ndetei, mtaalamu wa maradhi ya akili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliasisi taasisi ya utafiti wa afya ya akili ambayo kazi yake kubwa imefanyika Ukambani. Huko Makueni, nchi iliyokuwa sehemu ya Machakos mpaka 1992, taasisi hiyo iliwafunza wauguzi wa zahanati, na haikuwaacha nje waganga wa kienyeji wala viongozi wa dini waombewao na watu. Iliwaketisha pamoja na watu wa hospitali, ikawafundisha kumtambua mgonjwa wa huzuni na kumpeleka panapostahili. Sisi tuna maneno yetu juu ya uganga, na tumeyasema. Lakini hekima ya kuuendea mlango ule ambao watu huubisha kwanza, hiyo hatuwezi kuikana.

Watafiti wa taasisi hiyo, pamoja na wenzao wa Marekani, walitoa mwaka 2020 matokeo ya jaribio walilolifanya mashambani nchini Kenya kwa watu 300 wenye shida ya pombe. Baadhi yao walizungumzwa nao uso kwa uso, baadhi kwa simu ya mkono, na baadhi wakangojeshwa mwezi mmoja. Mazungumzo hayo hayakuwa ya kukemea. Mnywaji huulizwa kwa upole, akaachwa aseme mwenyewe pombe imempa nini na imemwondolea nini, na yeye mwenyewe angetaka nini. Baada ya mwezi, waliopigiwa simu walionekana kupunguza pombe kuliko waliokuwa wakingoja. Na huko Eldoret, jaribio jingine lililotolewa mwaka 2021 lilihusu wagonjwa 614 wa Ukimwi wanaokunywa pombe. Vikao 6 tu vya mafunzo, kwa makundi, kwa lugha ya Kiswahili, vikiongozwa na watu wasio madaktari waliofundishwa kazi hiyo, viliwapunguzia siku za kunywa kuliko wale waliopewa mafunzo ya afya ya jumla.

Ni nani miongoni mwetu aliyesikia khabari hizi? Zimeandikwa kwa Kiingereza katika majarida ya ng'ambo, zikasomwa katika kumbi za kongamano, zikaishia huko. Na hapa twawaambia wataalamu neno la haki: ilimu iliyopatikana kwa Kiswahili kutoka midomoni mwa wanyonge, kisha isirudi kwao kwa Kiswahili, ni deni lisilolipwa.

Hata hivyo mlango haukufungwa kwa mwenye kutaka. Iko jumuiya ya kimataifa ya wafanyao kazi ya kinga na tiba ya uraibu, iitwayo ISSUP, iliyoundwa mwaka 2015. Mwezi wa Disemba mwaka 2018 ilikutana Nairobi, na Kenya wana tawi lao. Tangu maradhi ya Korona ya 2020 mikutano ya namna hii imezidi kufanywa kwa njia ya mtandao, na mingi haina malipo. Mtu aliye Lamu au Machakos, akiwa na simu na Kiingereza cha kadiri, huweza kumsikiliza bingwa wa nchi ya mbali na kumwuliza suala akiwa kwake. Vijana wetu hukesha na simu hizo kwa mambo yasiyo na faida ya dunia wala ya akhera. Tungependa tuone katika kila darasa la msikiti kijana mmoja au wawili, na khasa mabinti zetu wauguzi na walimu, wakihudhuria mikutano hiyo kwa zamu, kisha wakaja kutusomea kwa lugha yetu yaliyosemwa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi wamelitilia shaka, nalo ni dawa ya methadoni. Ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya maumivu. Katika miaka ya 1960 Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York wakaonesha kwamba mzoevu wa heroini akinyweshwa dawa hii kila siku kwa kipimo, hutulia, akaacha sindano, akarudi kazini. Mwaka 2005 Shirika la Afya la Dunia likaitia katika orodha ya dawa za lazima. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011. Kenya ilianza Mathari mwishoni mwa 2014, ikafuata Malindi mwaka 2015, na mwaka huo huo Zanzibar wakaanza Kidongo Chekundu.

Wako wasemao: mnamwondolea mtu kilevi kimoja mkampa kingine, na hiyo ni haramu juu ya haramu. Suala hili si jipya. Sheikh Ibn Hajar al-Haytami, imamu mkubwa katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki Makka mwaka 974 wa Hijra, aliulizwa juu ya mtu aliyezoea kula afyuni hata akawa akiikosa ataangamia. Akajibu kwamba ikiwa hilo lajulikana kwa yakini, ni halali kwake kuila, bali ni wajibu, kwa kuokoa roho yake, kama mwenye njaa ya kufa alavyo nyamafu. Na akamlazimisha aipunguze kidogo kidogo mpaka tumbo lake liachane nayo pasi na kudhurika. Maneno haya yamesemwa kabla ya daktari yeyote wa leo hajazaliwa. Hayakutaja methadoni, kwa kuwa haikuwapo, lakini kanuni ni ile ile. Tena methadoni ni nyepesi kuliko alivyoulizwa Sheikh, kwani hunywewa mbele ya muuguzi, kwa kipimo, na humwepusha mgonjwa na sindano ya Ukimwi na wizi wa kutafutia unga.

Mtu atasema, Sheikh alitaka ipunguzwe, na hawa wengine huinywa miaka. Kweli. Jawabu ni kwamba mwendo wa kupunguza ni katika ilimu ya daktari mwaminifu, naye asema kwamba kuharakisha humrudisha mgonjwa kwenye unga na mauti. Lengo la kupunguza lisisahauliwe, na haraka isiue. Hata Mola wetu alipowaharamishia watu mvinyo, nao ni watu waliozaliwa nao, hakuuondoa kwa siku moja. Kwanza ikashuka katika Suratul Baqara kwamba madhara yake yashinda manufaa yake, kisha katika Suratun Nisaa wakakatazwa kuikaribia Sala wamelewa, kisha katika Suratul Maida likaja katazo la mwisho. Aliyewaumba ndiye awajuaye zaidi.

Na yako masuala ambayo madaktari hawawezi kuyajibu bila ya maulamaa. Dozi inywewayo mchana katika Ramadhani, hukumu ya saumu ya mgonjwa ni ipi, na je, saa za kliniki zingeweza kupelekwa usiku? Mgonjwa akiona kwamba dini yamwambia achague baina ya dawa na saumu, aacha dawa kwa kupenda dini yake, akaanguka mwezi wa rehema. Masuala haya yatakiwa kujibiwa pamoja, sheikh na daktari wakiketi kwenye meza moja. Sheikh akikosa kuhudhuria, mwingine atajibu mahali pake.

Tumeona pia mwezi wa Mei mwaka 2024 serikali za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zikipiga marufuku muguka, na watu wakashindana barazani na mahakamani. Nasi twapenda vijana wetu waokolewe na majani hayo. Lakini tujifunze kwa Machakos: katazo pasi na tiba ni nusu ya kazi. Katika makelele yale yote, ni wachache waliouliza kijana aliyekwisha kuzoea apelekwe wapi.

Basi yatupasa mambo manne. Kwanza, khatibu akitaja uharamu wa ulevi, ataje na mlango wa kutokea, yaani kliniki iliyo karibu, siku zake na saa zake. Pili, zaka na sadaka zetu zifike kwa wagonjwa hawa, kwani wengi hushindwa na nauli ya kila siku tu kufika penye dawa. Tatu, anayerudi tumpokee. Alikuwako katika zama za Mtume mtu aliyeletwa mara kwa mara kwa kosa la kulewa, akapigwa. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani, na Mtume akamkataza, akashuhudia kwamba mtu yule ampenda Mungu na Mtume wake. Hadi ilisimamishwa, na heshima yake haikuvunjwa. Tunayemwita teja huenda moyoni mwake mna mapenzi hayo, nasi hatujui. Nne, tujifunze, na tuhudhurie penye kufunzwa, na tukirudi tuwafunze wengine.

Waliokufa Machakos walikuwa na wake na watoto na majirani waliowaona wakienda kunywa kila jioni. Hatuwahukumu majirani wale. Twajiuliza sisi tu: kila jioni ni nani ampitaye mwenye mgonjwa huyu mtaani mwetu, naye ajua njia ya tiba, akanyamaza?

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, uwarehemu waliotangulia, uzipe nyoyo za wazazi wao subira, na ututie sisi katika wenye kusikia neno wakalifuata lililo jema zaidi. Wabillahi taufiki.